Siku moja maishani mwangu: fundi kompyuta wa majumbani, Dar es Salaam

Saa 12 asubuhi. Simu inaita kabla sijapiga mswaki. "Fundi, ile mashine imerudia tena." Namwambia achomoe waya wa umeme, ausukume hadi mwisho, awashe. Kimya. "Ee, imewaka." Hiyo hailipwi.

Saa 2. Buguruni, kupuliza vumbi na kubadilisha pawasaplai iliyoungua. Nimelipwa, nimeaga.

Saa 4 niko kwenye daladala la Segerea, begi mapajani. Ndani kuna bisibisi, flashi, kebo ya mtandao, na daftari ninaloandika namba za makosa. Wengi wanadhani fundi kompyuta ni mtu wa kupiga Windows tu. Ikigoma, futa, piga upya, chukua hela. Kazi ya leo ni ya aina wanayoikimbia wengi: kompyuta zote nzima, mtandao upo, ila moja haikubali amri ya mwenzake.

Saa 4 na nusu nafika. "Shikamoo mzee." "Marahaba kijana, karibu. Wewe ndiye utakayemaliza, au na wewe utakula hela kama yule?" Yule ni fundi aliyenitangulia, na jina lake nitalisikia mpaka jioni.

Mzee ni mstaafu. Nyumba ina kompyuta tatu: ya kwake chumbani, ya mjukuu sebuleni, na ya chumba cha mbele ambacho mkewe amekigeuza steshenari. Anachotaka ni azizime zote usiku akiwa chumbani kwake, maana zinasahaulika zikiwaka na LUKU inakwisha. Alitaka pia aone skrini ya dukani kutoka chumbani. Hilo nikalimaliza mapema: Windows ya dukani ni toleo la Home, haikubali kuingiwa kwa njia hiyo. Kuizima kwa amri, inawezekana.

Naandika amri ya kuunganisha na mashine iliyopewa jina DUKANI. Jibu: kosa namba 53, njia haionekani. Walibadilisha ruta, kile kifaa cha kugawa mtandao, hivi karibuni, na Windows ikikutana na mtandao mpya hudhani uko hotelini au uwanja wa ndege, ikauweka kwenye kundi la hadharani na kujifungia. Dawa ni kuurudisha kwenye kundi la nyumbani na kuruhusu kushirikiana faili. Dakika mbili za kazi, kama ningeipata hiyo mashine.

"Fundi mwanangu, subiri nimalizie CV ya huyu dada."

Nikasubiri. Baada ya dada akaja kijana wa fotokopi za kitambulisho, pande mbili, karatasi moja. Halafu mtoto wa shule na picha ya moyo wa binadamu, aitaka ya rangi, wino wa rangi hakuna. Mzee ananichungulia mlangoni. "Umeshamaliza?" Sijashika hata kipanya.

Kwenye saa 6 hivi nikakipata kiti. Nikarekebisha mtandao, nikarudi chumbani. Sasa ni 1326: jina au nywila si sahihi. Mzee akachukia kabisa. "Mimi ndiye niliyeiweka! Namba nne, mwaka niliooa!" Ilibidi nimweleze taratibu kwamba zile namba nne ni PIN, na PIN inafungua mashine ileile iliyowekwa, ukiwa umekaa mbele yake. Mtandaoni haitambuliki. Na akaunti ya mama yenyewe haina nywila kabisa, na Windows haimruhusu mtu asiye na nywila kuingia akitokea mashine nyingine. "Kwa hiyo namba zangu ni za bure?" Si za bure mzee, ni za hapohapo tu.

Nikafungua akaunti mpya dukani, nikaiita mlinzi, nikaipa usimamizi na nywila ndefu. Narudi chumbani, naandika jina la mashine, alama ya mkwaju (\), jina la akaunti. Imekubali! Natoa amri ya kuzima.

"Access is denied." Namba 5.

Hapa ndipo mafundi wengi wanapochanganyikiwa, na ndipo ninapojivunia daftari langu. 53 maana yake hujafika. 1326, umefika ila hujatambuliwa. 5, umetambuliwa vizuri na bado umekataliwa. Lakini mlinzi si ni msimamizi? Ni msimamizi akiwa amekaa pale pale. Tangu Windows Vista ya mwaka 2007, msimamizi wa kawaida wa mashine akiingia kwa kupitia mtandao anapokelewa kama askari wa getini anavyompokea mgeni anayemjua: karibu, ila funguo ziache hapa. Ukiwa mbele ya skrini kuna lile dirisha linalotia giza na kukuuliza unakubali au hukubali. Ukiwa mbali hakuna wa kubofya "Yes", basi mamlaka yanavuliwa kimyakimya.

Yule fundi aliyetangulia alijibu tatizo hili kwa kuzima fayawoli, ule ukuta wa kuzuia wavamizi wa mtandaoni, ya kundi la nyumbani kwenye mashine zote tatu. Haikusaidia kitu, maana namba 5 haihusiani na fayawoli, na akaziacha hivyohivyo. Hilo liliniuma kuliko njaa, na saa 8 ilishapita.

Nikawasha fayawoli. Nikafungua rejista ya DUKANI, yaani hifadhi ya mipangilio ya ndani ya Windows, kwenye Policies\System nikatengeneza thamani ya namba (DWORD) iitwayo LocalAccountTokenFilterPolicy, nikaiweka 1. Ina gharama yake: ukiwa na nywila moja nyumba nzima, mwizi akipata mashine moja amepata zote. Kwa hiyo ya sebuleni nikaipa nywila tofauti, na kwenye fayawoli nikaruhusu anwani ya kompyuta ya mzee peke yake, ambayo nimeifunga kwenye ruta isibadilike.

Najaribu tena. Namba 5. Mzee anacheka kwa puani. Nikakata muunganisho wa zamani, kwa sababu ule bado unabeba mamlaka yaliyovuliwa, nikaunganisha upya.

Kelele kutoka dukani: "Jamani! Inasema inajizima!"

Nikaghairi haraka. Mzee akasimama, akaenda kujionea mwenyewe, akarudi anatabasamu, halafu tukafika kwenye hela.

"Elfu thelathini? Kwa kuandika namba moja?" Tukavutana weee. Ishirini na tano, na ugali wa mama juu yake. Nilikula nimesimama.

Jioni sikumbuki saa. Foleni ya Tabata, mgongo, simu mbili za watu wa "nina swali dogo tu".

Nimeshalala nusu, simu ya mama. "Mwambie mzee wako, mteja yuko katikati ya barua, na yeye anazima duka!" Nilimwekea mzee faili mbili kwenye skrini yake, moja ZIMA na nyingine GHAIRI, na amri inasubiri sekunde 120. Nikampigia.

"Mzee, bofya ile ya pili."

"Aufunge kwanza mlango," akasema. "Saa 3 hii."