Hoki, Ushuru na Simu Kutoka Rugombo

Edmonton, Jumatano, 18 Juni 2025

Tumefungwa. Tano kwa moja, kule Sunrise, Florida, na Sam Reinhart peke yake katupiga manne. Ni mwaka wa pili mfululizo Oilers, timu yetu ya hoki ya barafu hapa Edmonton, wanafika fainali ya Kombe la Stanley, kombe kubwa la ligi ya hoki ya Amerika Kaskazini, na mwaka wa pili mfululizo Florida Panthers wanaondoka nalo. Mwaka jana walau tulikufa kiume: tulikuwa nyuma mechi tatu kwa sifuri, tukasawazisha, tukaja kuipoteza ya saba kwa 2-1. Safari hii wametumaliza katika ya sita, na ukweli usemwe, walituzidi.

Asubuhi hii dereva wa basi alikuwa bado amevaa jezi ya rangi ya chungwa ndani ya koti la kazi. Nilipopanda akatikisa kichwa tu, nami nikatikisa changu. Bendera ndogo za Oilers bado zinapepea kwenye madirisha ya magari, hakuna aliye na moyo wa kuzing'oa.

Ndugu zangu mlioko Kigoma na Bujumbura mmekuwa mkiniuliza imekuwaje mtu mzima kama mimi, niliyezaliwa Fizi, Kongo, na kukulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, nilie kwa sababu ya watu wanaofukuzana na magongo juu ya barafu. Wengine mnasema hata kile kisahani cheusi hamkioni kwenye televisheni. Mwanzoni nami sikukiona, jicho huzoea. Lakini swali lenu nimelibeba tangu Februari, na leo nina siku ya mapumziko, ngoja nilijibu kwa nafasi.

Mjue kwanza jiji lenyewe. Januari hapa baridi hushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri, na usiku gari unalichomeka kwenye umeme ili asubuhi injini ikubali kuwaka. Karibu kila mtaa una uwanja wake wa wazi wa barafu. Watu wa mtaa wenyewe, kwa kujitolea, hutoka usiku na mpira wa maji, wakamwaga, wakangoja pagande, wakamwaga tena. Watoto wanatelezea pale mpaka kope zinaota barafu. Kisha kuna Oilers: makombe ya 1984, 1985, 1987, 1988 na 1990, halafu kiu. Na si kiu ya Edmonton peke yake. Tangu Montreal walipolitwaa mwaka 1993, hakuna timu ya Kanada iliyolishika tena. Kwa hiyo hapa mtu hakuulizi umeamkaje, anakuuliza mechi uliiona.

Mimi mechi nyingi naziona kazini. Nafanya zamu za jioni na usiku katika nyumba ya kulelea wazee, na yuko mzee mmoja ambaye hakubali kulazwa kabla ya kipenga cha mwisho. Namvua viatu, namnawisha uso na mikono, namvisha nguo za kulalia, halafu juu ya nguo za kulalia anataka jezi. Ni ya zamani, namba 99 mgongoni imepasukapasuka, na mkono wake wa kulia hauinuki vizuri, kwa hiyo tunaanza na huo, kisha kichwa, kisha mkono mzima. Ikishamkaa vizuri ananishika kidole gumba na kusema tuko tayari.

Huyo ndiye aliyenifundisha hoki. Amenisimulia tarehe 9 Agosti 1988, siku Wayne Gretzky, nyota wa Oilers na mwenye namba hiyo 99, alipouzwa kwa Los Angeles Kings, kana kwamba ni msiba wa nyumbani kwake. Anakumbuka alikuwa juu ya ngazi akipaka rangi nyumba ya jirani, redio chini. Anasema alishuka, akaosha brashi, akaenda zake nyumbani, na rangi ya nyumba ile ikamaliziwa wiki iliyofuata.

Sasa Februari. Mnakumbuka mlikuwa wapi Februari. Goma ilikwisha kuanguka mwishoni mwa Januari, na katikati ya Februari waasi wa M23 wakaingia Bukavu. Watu wa bonde la Ruzizi wakaanza kukimbia kabla hawajafikiwa. Shangazi yangu alikuwa Luvungi. Mara ya mwisho kumpata hewani aliniambia wanafunga mizigo, kisha simu yake ikazima.

Huku nako kulikuwa kunachemka, kwa namna nyingine. Rais wa Marekani alikuwa akisema kila kukicha kwamba Kanada iwe jimbo la 51, na kwamba bidhaa zetu atazitoza ushuru wa asilimia 25. Watu niliodhani hawana hasira walikasirika. Dukani waligeuza kila kopo kusoma limetoka wapi. Na katikati ya hayo yakaja mashindano ya hoki ya mataifa manne. Montreal, tarehe 15, wimbo wa taifa wa Marekani ulizomewa, na mechi ilipoanza zikapigwa ngumi mara tatu ndani ya sekunde tisa. Mimi ngumi sizipendi, hata za hoki. Nimeziona ngumi zinavyoanza na zinavyokwisha.

Fainali ilikuwa Boston, Alhamisi tarehe 20, Kanada na Marekani. Nilikuwa kazini. Sebule ilijaa, viti vya magurudumu vimepangwa nusu duara, wauguzi wa Kifilipino wamesimama nyuma, mpishi ametoka jikoni na aproni yake. Simu yangu ilikuwa mfukoni, nimeiweka itetemeke. Ikawa mbili kwa mbili, ikaingia muda wa nyongeza. Yule kipa wa Marekani, Connor Hellebuyck, mwaka mzima hudakia Winnipeg, timu ya hukuhuku Kanada, kwa hiyo wazee wanamjua na wanamheshimu, na hakuna aliyekuwa na uhakika wa kitu. Kisha Mitch Marner akatoa pasi, na nahodha wetu sisi wa Edmonton, Connor McDavid, alikuwa peke yake mbele ya goli. Sebule ililipuka. Mzee wangu alinikamata mkono mpaka ukauma. Na katika kelele zile nikahisi paja langu linatetemeka.

Nilitoka hadi korido ya nguo chafu nikasikiliza. Kwetu ilikuwa inakaribia saa tatu usiku, kule kunapambazuka. Shangazi alisema: "Nimevuka. Niko Burundi, hapa Rugombo, uwanja wa mpira. Watoto ninao wote. Nguo ni hizi tulizovaa." Nyuma yake kulikuwa na mtoto anakohoa na mwanamke anaita jina, anaita, anaita. Mto Ruzizi ulichukua watu siku zile, mnajua. Wa shangazi walivuka.

Niliporudi sebuleni nilikuwa nalia, na wote walidhani nalia kwa ajili ya bao. Mpishi alinikumbatia. Mzee akasema kwa sauti kubwa, mtazameni, huyu sasa ni mtu wa Edmonton. Sikumsahihisha. Nilihitaji kukumbatiwa, na pale palikuwa na watu waliokuwa wanakumbatia. Nimelifikiria sana jambo hilo tangu siku ile na sioni aibu ndani yake. Furaha yao ilikuwa ya kweli na yangu ilikuwa ya kweli, na zilitosha katika chumba kimoja.

Nilimweleza mzee baadaye, usiku huohuo, nikimvua jezi. Akaniuliza huo mto ni mpana kiasi gani. Nikamwambia si mpana kama North Saskatchewan wetu, ila una mamba. Akanyamaza, kisha akataka kujua majina ya watoto. Tangu siku ile haanzi mechi kabla hajauliza habari za shangazi.

Machi ushuru ukaja kweli: asilimia 25 kwa bidhaa nyingi, 10 kwa mafuta na gesi, na katikati ya mwezi chuma na alumini asilimia 25. Alberta ni mafuta, na mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma kule Nisku, basi kwetu ushuru haukuwa habari ya redioni. Wateja walisitasita kuagiza, saa zake za kazi zikapunguzwa. Mwezi huohuo sanamu ya Gretzky pale nje ya Rogers Place, uwanja wa Oilers, ikapakwa kinyesi, kwa sababu ya urafiki wake na Trump. Mzee alipoonyeshwa picha aliomba televisheni izimwe. Hakumtetea Gretzky na hakumlaani. Alisema tu, yule kijana tulimlea sisi. Naelewa hasira ya watu, na urafiki ule nami haunifurahishi, lakini kukichafua kitu ambacho wazee wamekipenda miaka arobaini ni kuwaonea watu wasiohusika.

Nikawa nauliza, kama mashujaa wao wanauma hivi, kwa nini watu wanaendelea? Jibu nililipata kwa Joey Moss. Huyu alizaliwa na hali ya Down, ulemavu wa akili wa kuzaliwa nao, na Gretzky ndiye aliyemleta katika chumba cha wachezaji miaka ya themanini. Akafanya kazi humo miongo mitatu na zaidi: taulo, maji, usafi, na kuimba wimbo wa taifa kwa sauti yake yote kabla ya mechi. Alifariki Oktoba 2020. Picha yake kubwa imechorwa ukutani hapa mjini, na Oilers wakishinda hupigwa wimbo wa asili wa Meksiko kwa sababu yeye aliupenda. Nyarugusu nilikuwa na jirani ambaye mtoto wake alikuwa na hali hiyohiyo. Alimfungia ndani wageni wakija. Jiji ambalo watu elfu kumi na nane wanasimama kuimba wimbo wa mfanyakazi wa taulo, mimi nilisema, hapa nakaa. Mabao ya McDavid yalikuja baadaye.

Uchaguzi wa Kanada ulifanyika tarehe 28 Aprili, Waziri Mkuu Mark Carney akashinda, na kesho yake tu yakaanza kwa nguvu maneno ya Alberta kujitenga. Serikali ya jimbo ilibadilisha sheria, sasa sahihi kama 177,000 zinatosha kuitisha kura ya maoni, wakati zamani zilihitajika karibu 600,000. Katikati ya Mei machifu wa wenyeji wa asili walikusanyika na watu wao kwenye bunge la jimbo hapa Edmonton, wakasema ardhi hii ina mikataba iliyosainiwa kabla Alberta haijazaliwa. Mkataba wa Sita ni wa 1876. Nilipita pale nikitoka kazini nikasimama kusikiliza ngoma. Mwenzangu mmoja kazini, mtu mwema, anataka kujitenga. Ana malalamiko yake ya miaka mingi juu ya Ottawa na si yote ya uongo. Lakini mimi nimekula kiapo cha nchi moja baada ya kuishi ujana wangu wote bila nchi, na mtu akiongea juu ya kuchora mpaka mpya tumbo langu linakaza. Nilimwambia hivyo waziwazi. Tulikaa kimya mpaka chai ikapoa, halafu akaniuliza kama Stuart Skinner, kipa wa Oilers, ataanza golini kesho. Nikamjibu. Tungefanyaje? Wazee walikuwa wanangoja kugeuzwa.

Tarehe 4 Juni ndiyo ninayoiweka moyoni. Asubuhi ile ushuru wa chuma uliongezwa mara mbili ukawa asilimia 50, na mume wangu akarudi mapema, akakaa jikoni na buti zake miguuni. Jioni ilikuwa mechi ya kwanza ya fainali, hapahapa nyumbani. Hatukuwa na hamu. Kijana wetu akawasha televisheni kwa lazima. Leon Draisaitl wetu akafunga katika muda wa nyongeza, 4-3, na nikamwona baba yao anasimama na buti zile, anagonga dari kwa kiganja. Honi zilisikika mtaani mpaka usiku, na Juni hapa jua linachwa saa nne. Kulipopambazuka ushuru ulikuwa palepale. Ila alikuwa amelala, na kwa wiki nzima kabla ya hapo alikuwa halali.

Sasa imekwisha, kwa kipigo. Kijana anataka kucheza msimu ujao, si uwanja wa mtaani tu, kwenye timu yenye kocha. Vifaa ni ghali: kofia, vikinga miguu, glavu, viatu ambavyo mguu wake utavishinda kabla ya Machi. Tumekubaliana tutatafuta vya mtumba, na nimeambiwa wapo wanaosaidia familia zisizo na uwezo. Wiki ijayo nitapiga simu.

Shangazi walimhamisha kutoka Rugombo, sasa yuko kambi ya Musenyi, huko Rutana. Kambi mpya, maji ya foleni, na maisha ninayoyajua mpaka harufu yake. Tangu Februari namtumia ujumbe wa sauti kila baada ya mechi. Nilianza kwa sababu habari nyingine zote zilikuwa zinatuumiza, na hatukuweza kuanza maongezi kila siku na waliokufa. Yeye akaanza kuwasimulia majirani. Leo nilipomwambia tumefungwa tano kwa moja alisonya, akakaa kidogo, akaniuliza kama ni kweli mkataba wa McDavid unakwisha mwakani. Nikamwambia ni kweli. Akasema basi wakae naye mapema, wasimfanye kama yule wa zamani aliyeuzwa.