Kiti chekundu

Jumapili, saa nne usiku. Stima imepotea tena, naandika kwa tochi ya simu.

Leo mchungaji amehubiri vizuri, na nasema hivyo bila kejeli. Amehubiri juu ya makanisa yaliyoyumba. Amesimulia jinsi Kanisa la Uingereza lilivyoanza kutumia sala za baraka kwa wapenzi wa jinsia moja mnamo Desemba 2023, jinsi Roma nayo ilivyotoa waraka wa Fiducia Supplicans wa kuruhusu baraka kama hizo mwezi huohuo, na jinsi maaskofu Wakatoliki wa Afrika, kwa sauti ya Kardinali Ambongo wa Kinshasa, walivyotangaza Januari 2024 kwamba baraka hizo huku kwetu hazitakuwepo. Amina zilipaa zikagonga mabati mapya, zikaenda hadi pale yanapoishia na ya zamani yenye kutu yanapoanza.

Nami nilisema amina. Ninaamini kanisa letu linavyofundisha kuhusu ndoa na sina mpango wa kubadilika. Lakini hapa Murang'a kusema hivyo kunanigharimu nini? Hakuna jirani atakayeninunia. Hakuna shemeji atakayeacha kuja kwangu Krismasi. Nilikuwa nikiwaza hayo macho yangu yakaangukia kile kiti chekundu pale mbele, na amina ya pili ikakwama kooni.

Wacha nieleze habari ya kiti.

Wiki tatu zilizopita tulikuwa na harambee ya paa. Mgeni wa heshima alikuwa mheshimiwa fulani. Cheo chake sitakitaja, kwa sababu kijiji hiki ni kidogo na mwaka wa uchaguzi unakaribia. Kamati iliona aibu mtu kama huyo kukalia benchi la mbao, kwa hiyo tukanunua kiti: kitambaa chekundu cha mahameli, mikono ya rangi ya dhahabu, shilingi elfu kumi na nane. Pesa zilitoka kwenye mfuko wa paa. Mwenyekiti alisema si hasara, "kwa sababu atakuja tena."

Ili kiti kikae vizuri ilibidi benchi la mbele upande wa kushoto liondolewe. Na kwenye benchi hilo hukaa Cucu. Ana jina lake, ila kila mtu humwita hivyo tu, yaani nyanya kwa Kikuyu. Ana miaka themanini na kitu, masikio yamechoka, na hukaa pale kwa sababu moja: huutazama mdomo wa mhubiri. Ukimkuta katikati ya ibada utaona midomo yake mwenyewe inacheza polepole, nusu sekunde nyuma ya mchungaji.

Kazi ya kumhamisha nilipewa mimi, mzee wa kanisa, maana wananijua kwa upole. Nilimshika kiwiko nikamwambia kwa sauti kubwa, "Cucu, twende huku nyuma kidogo, leo tuna wageni."

Akanitazama. "Wageni wa nani?"

Sikujibu. Nilimkalisha kwenye kiti cha plastiki kando ya mlango, pale watoto wanapopita kwenda chooni. Ibada ilisimama dakika arobaini tukimngoja mheshimiwa, kwaya ikarudia nyimbo zake zote mbili. Alipofika alipewa maikrofoni akakaa nayo zaidi ya nusu saa. Alianza na Bwana asifiwe, akamaliza kwa kumtukana mpinzani wake, kitu kuhusu tumbo la yule bwana. Watu walicheka. Mchungaji alicheka. Mimi nilicheka, na si kwa adabu tu, ilinichekesha kweli. Kisha bahasha ya laki tatu, na ahadi ya mabati mia mbili. Yamefika mia na ishirini.

Jumatano iliyofuata, kwenye ushirika wa nyumbani, somo lilikuwa Yakobo sura ya 2 na msomaji alikuwa mimi. Mtu mwenye pete ya dhahabu anaambiwa, "Keti wewe hapa mahali pazuri." Maskini anaambiwa, "Simama wewe pale." Nilipofika hapo nilingoja mtu akohoe, aniangalie, atikise kichwa. Hakuna. Tuliomba, tukanywa chai, tukajadili rangi ya kupaka dari. Sote tulikuwa tumekuwepo siku ya harambee na hakuna hata mmoja aliyeunganisha.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikimfikiria nyanya yangu.

Nyanya alikuwa mhonoki, yaani mtu aliyeokoka, mtu wa Uamsho. Moto ule uliowashwa Gahini kule Rwanda ulifika Kabete mwaka 1937, na kabla ya vita vya Mau Mau ulikuwa umeshapanda vilima vyetu vyote. Wale ndugu walikuwa na tabia zao: walipokutana njiani waliimba Tukutendereza, waliungamiana dhambi hadharani hadi wengine wakaona haya kwa niaba yao, na ukimuudhi mmoja wao alikuja kukwambia usoni. Baada ya Hali ya Hatari kutangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, watu walikuwa wakiitwa usiku kula kiapo: unapita chini ya tao la migomba, unaonja nyama na damu ya mbuzi, unaapa. Nyanya alikataa. Sababu yake ilikuwa ileile waliyoitoa wahonoki wengi, kwamba alishakunywa damu ya Yesu na hakuwa na nafasi ya damu nyingine.

Ukisikia hadithi hii kanisani huishia hapo, na hapo ndipo inapoharibika. Kwa sababu serikali ya mkoloni ilifurahi kusikia kuna watu wanakataa kiapo, ikawaendea ndugu hao na bunduki: karibuni basi kwenye homegadi, mgambo wa serikali. Wengi wao wakakataa hizo pia. Wakawa hawana upande. Kwa majirani walikuwa wasaliti, na kwa ofisa walikuwa watu wa kutiliwa shaka. Nyanya alichapwa na pande zote mbili, mwaka mmoja. Kidole chake kidogo cha mkono wa kushoto hakikukunjika tena. Alipokuwa akishika kikombe kilisimama peke yake, na sisi watoto tulidhani ni madaha ya kizungu. Aliyekivunja alikuwa jirani. Nyanya hakututajia jina lake kamwe. Tulilijua baada ya matanga ya nyanya, tukakumbuka kwamba mzee yule alikuwa akija kwetu kuomba chumvi.

Na guka, mume wake, alikula kiapo. Hili nalo huwa halisemwi. Mashamba yalikuwa yameporwa kweli, na nyanya alilijua hilo kuliko ofisa yeyote. Walilala nyumba moja miaka yote hiyo, mmoja ameapa na mwingine amekataa, na walizikwa ubavu kwa ubavu. Siwezi kumhukumu guka. Ninachokiona ni kwamba nyanya hakukataa watu wa mbali. Alimkataa mume, mashemeji, rika lake, watu wa kuchota nao maji.

Mwaka 1969, baada ya waziri Tom Mboya kuuawa, viapo vilirudi, safari hii watu wakipakiwa malori kupelekwa Gatundu, nyumbani kwa Rais Kenyatta, na mtumishi mmoja wa Kanisa la Presbiteri alipigwa hadi akafa kwa kukataa. Hapo hapakuwa na mkoloni wa kulaumu. Ni sisi kwa sisi.

Kitu kingine kinachonitatiza ni kwamba shinikizo la nyumbani haliji likisema tupa Biblia. Huja limeishika mkononi. Mwaka 1929 wamisheni walipowataka waumini huku kwetu waweke alama ya kidole gumba kupinga ukeketaji wa wasichana, maelfu waliondoka wakaanzisha makanisa na shule zao. Na walikuwa na hoja kutoka kwenye Maandiko: Biblia ya Kikuyu ilimwita Mariamu mũirĩtu, na enzi hizo mũirĩtu alikuwa msichana aliyekwisha kupita irua, yaani tohara. Kwa hiyo, walisema, hata mama wa Bwana alitahiriwa, nyinyi mnatukataza nini? Wamisheni nao hawakuwa malaika, maana mara nyingi walichanganya Injili na desturi za Scotland bila kuona mshono. Lakini ile hoja ya mũirĩtu inanikumbusha kamati yetu. Siku ya kununua kiti tulifungua kikao kwa Hagai, pandeni milimani, mkalete miti, mkaijenge nyumba. Mwenyekiti alisoma vizuri sana.

Wapo waliofanya tofauti, na si zamani sana. Askofu David Gitari, wakati huo wa Dayosisi ya Mlima Kenya Mashariki, alipinga uchaguzi wa mlolongo wa 1988, ule wa wapiga kura kupanga foleni nyuma ya mgombea, akiwa na Biblia yake imefunguka, na Aprili 1989 nyumba yake ikavamiwa usiku. Septemba 2021 kule Butere, siku Rose Okeno alipowekwa wakfu kuwa askofu, Askofu Mkuu Ole Sapit alitangaza kwamba wanasiasa hawatahutubu tena madhabahuni. Novemba 2024 Askofu Mkuu Anyolo wa Nairobi aliagiza pesa alizotoa Rais kwenye kanisa la Soweto zirudishwe, zikiwemo milioni 2 za nyumba ya padri. Nilishangilia habari hiyo kwenye simu yangu. Niliwatumia na wanakamati.

Ila kutoka ofisi ya askofu mkuu hadi hapa ni mbali. Mchungaji wetu anakaa nyumba inayovuja kuliko kanisa. Mwenyekiti wa kamati ameoa dada ya wakala wa mheshimiwa. Basari ya kijana wangu wa pili ilipitia ofisi hiyohiyo, na nilishukuru Mungu ilipotoka. Hatuogopi mtu kutufunga, tunaogopa tu kununiwa. Petro naye, ukisoma Wagalatia 2, hakumwogopa Kaisari pale Antiokia. Alikuwa akila na watu wa Mataifa vizuri tu mpaka walipofika watu wa kwao, wa Yakobo, ndipo akasogeza kiti nyuma. Hata Barnaba akamfuata. Barnaba! Mtu aliyeuza shamba lake. Namwonea huruma kila nikifika hapo.

Pesa zenyewe si shida, kusema kweli. Mheshimiwa ni mkazi wa hapa, mvua inamnyeshea kama wengine, angetoa sadaka yake kwenye kapu nani angeuliza? Tuliuza maikrofoni. Na benchi.

Leo baada ya ibada nilinunua kilo mbili za sukari na majani ya chai nikaenda kwa Cucu. Nilimkuta uani anapukuchua maharagwe. Nilikuwa nimejiandalia maneno njiani, maneno mazuri ya toba, lakini kwake lazima upige kelele, na toba ya kupiga kelele mbele ya majirani ni kitu kingine kabisa.

"Cucu, nimekuja kuomba msamaha. Ni kuhusu benchi!"

"Benchi limevunjika?"

"Hapana! Nililiondoa! Siku ya harambee!"

"Najua uliliondoa," akasema. "Si mimi ndiye nilikuwa nimelikalia."

Mke wa mwanawe alicheka jikoni. Cucu aliendelea na maharagwe. Baada ya muda akaniuliza lile benchi liko wapi. Nikamwambia liko stoo. Akaniuliza kama nimeliangalia. Sikuwa nimeliangalia. Akaniambia mguu mmoja ni mfupi, wa upande wa ukuta, na kwamba nikilirudisha nisisahau kuweka karatasi chini, kwa sababu ile yake aliyoiweka enzi za mchungaji wa tatu nyuma itakuwa imepotea. Hakusema amenisamehe. Alinifungia maharagwe kwenye mfuko nikapeleke nyumbani.

Nilipitia kanisani saa kumi na mbili hivi. Benchi lilikuwa chini ya mifuko ya simiti, nikamwita mlinzi anisaidie. Kiti chekundu tumekisukuma kando ya kabati la kwaya. Kinaonekana kidogo kule, kama kitu cha harusi kilichosahauliwa. Mchungaji ataniuliza. Jumamosi kamati inakaa, ajenda ya nne ni "ujio wa Mheshimiwa na mabati yaliyobaki", na sijui nitafungua mdomo au nitaangalia sakafu. Najijua.

Benchi lilikuwa linacheza, kama alivyosema. Sikuwa na karatasi, isipokuwa kadi ya harambee mfukoni, ile ngumu yenye picha ya mheshimiwa. Nikaikunja mara nne nikaiweka chini ya mguu wa ukutani. Bado likacheza kidogo. Nikaikunja mara ya tano.