Upanga wa mzee mwenyeji, Longquan

Mwenyeji wangu wa Yiwu, China, ninayenunua kwake bidhaa za kuuza Kariakoo, alirithi dao, upanga wa makali upande mmoja, na kwao walisema ni wa zama za Qing, ukoo wa mwisho wa wafalme wa China. Aliupeleka kwa fundi Longquan, akaniambia, "Twende ukaone." Anajua babu yangu alikuwa mhunzi. Tulishika treni hadi Lishui, kisha basi likapanda milima ya Zhejiang, na mdogo wangu anayesoma Jinhua akawa mkalimani.

Longquan panahesabu ufuaji wake tangu kwa Ou Yezi, mhunzi wa masimulizi ya zaidi ya miaka 2,000. Duka baada ya duka ni panga. Nyingi zina mawimbi yanayong'aa kama nyuzi za mninga, na hapo ndipo wageni wanapoacha fedha zao.

"Kaka, shifu anasema usitazame mawimbi kwanza," mdogo wangu alinitafsiria. "Tazama mgongo."

Shifu, ndivyo wanavyomwita fundi bingwa, aliusimamisha upanga dirishani. Kama pua, yaani feleji ngumu, imebanwa katikati ya bapa mbili za chuma laini, mstari wake huonekana mgongoni. Ufuaji huo huitwa sanmei. Mgongo huu haukuwa na mstari. Akasugua sehemu ndogo kwa msasa hadi mawimbi yakafutika, akapaka tindikali hafifu. Tukangoja. Yakarudi palepale, nyuzi kwa nyuzi, kwa kuwa yametokana na chuma kukunjwa na kufuliwa tena na tena. Yale ya kuchorwa juujuu yakifutika yamekwenda. Moyo ulinidunda kuliko wa mwenye upanga, nadhani.

Kisha kwenye makali ukatokea ukanda mweusi: pua iliyochomekwa kwenye ufa wa chuma laini, wao husema qiangang. Tupa iliteleza juu ya ukanda, lakini pembeni ikauma. Babu naye aliweka pua mdomoni mwa shoka tu, maana pua ilikuwa ghali.

Shifu akafuata ukanda kwa kidole hadi nchani. Ulikuwa ukizidi kuwa mwembamba, na karibu na ncha haukuwepo kabisa. Mawe ya kunolea yalikuwa yameumaliza.

Mwenyeji wangu akauliza, "Basi ulitumika?"

"Miaka mingi," shifu akasema, akaupaka mafuta na kuurudisha alani.