Kibali cha kampuni ya maji: nilivyoongeza jiko karibu na bomba la majitaka Uingereza

Kila niliyemuuliza alinipa jibu lile lile: "Nyongeza ya nyuma isiyozidi mita 3 haihitaji kibali, jenga tu." Kwa nyumba zilizoungana hapa England, hilo kwa kawaida ni kweli upande wa mipango miji. Ila bomba la majitaka lina mwenyewe. Ukijenga juu ya bomba la umma, au ndani ya mita 3 kutoka lilipo, kampuni ya maji lazima ikubali, hata kama halmashauri haina neno. Watu huchanganya mambo haya mawili, wakamwaga zege, kisha mkaguzi wa ujenzi akawanyima cheti cha kukamilisha kazi. Na siku ya kuuza nyumba, wakili wa mnunuzi huagiza taarifa za maji na majitaka za kiwanja, na swali la kwanza ni kibali kiko wapi.

"Lakini bomba liko uani kwangu!" Hata hivyo si lako. Tangu tarehe 1 Oktoba 2011, mabomba yanayotumiwa na nyumba zaidi ya moja yaliyounganishwa na mtandao wa umma yamekuwa ya kampuni za maji, hata yakipita ndani ya ua wako. Linalohudumia nyumba yako peke yake, ndani ya mpaka wako, ndilo lako, na hilo halihitaji kibali chao. Ramani za kampuni mara nyingi hazionyeshi mabomba haya kwa sababu zamani yalikuwa ya watu binafsi, kwa hiyo usijifariji kwamba ramani ni nyeupe. Fungua chemba, mwombe jirani amimine rangi ya kupimia mabomba chooni na avute maji. Rangi ikipita kwenye chemba yako, bomba ni la pamoja.

Letu lilikuwa la pamoja: bomba la udongo wa kuchoma la milimita 100 kwa ndani, linapita sambamba na ukuta wa nyuma, katikati yake ikiwa mita 3.6 kutoka ukutani. Mchoraji alikuwa ameweka nyongeza ya mita 3 kamili na akaniambia tumesalimika, nafasi hadi ubavu wa bomba ni sentimita 53. Alipimia kutoka usoni mwa ukuta mpya. Sharti nililopewa ni sentimita 50 kutoka ukingo wa msingi hadi ubavu wa bomba, na msingi ni mpana kuliko ukuta. Ukuta wa sentimita 30 juu ya zege la sentimita 60 unaacha sentimita 15 zinazojitokeza nje. Toa hizo, inabaki 38. Mchoro kama huo unarudishwa, na ni haki urudishwe, kwa sababu nafasi hiyo ndiyo inayowawezesha kuchimba na kubadilisha bomba bila kuvuruga msingi wako. Dawa yake ilikuwa rahisi: jiko likawa la mita 2.85. Hakuna anayeziona zile sentimita 15, kabati zilienea zote, na chemba ikabaki nje. Chemba hairuhusiwi kuwa ndani ya nyumba, na kuihamisha ndiko kunakokula pesa.

Sasa kina, na hapa ndipo ninapojivunia. Msingi ulitakiwa ushuke angalau sentimita 15 chini ya kitako cha bomba, ili uzito wa nyumba uingie ardhini chini ya bomba badala ya kulisukuma kwa ubavu. Kwa hiyo lazima ujue kitako kiko wapi urefu wote wa ukuta. Chemba yetu: sentimita 82 kutoka mfunikoni hadi kitakoni. Chemba ya jirani, mita 6.4 kwenda chini: sentimita 120. Ukisoma namba hizo peke yake, bomba linashuka sentimita 38, na mwishoni mwa ukuta wetu, mita 4 kutoka chembani, kitako kingekuwa karibu sentimita 106. Msingi ungekuwa sentimita 121.

Nilichukua mpira wa maji, ule ule ambao mafundi wetu nyumbani hupimia levo ya msingi: mpira mwembamba unaopitisha mwanga, umejazwa maji bila povu hata moja ndani, ncha moja mfunikoni kwetu na nyingine kwa jirani. Ua wa jirani ulikuwa umepandishwa sentimita 30 na sakafu ya mawe. Toa 30 kwenye 120, inabaki 90. Bomba linashuka sentimita 8 tu katika mita 6.4, yaani moja kwa themanini, mteremko wa kawaida kabisa. Mwishoni mwa ukuta kitako kiko sentimita 87, na msingi ni 102. Kwa mtaro wa mita 4.8 hiyo ni zaidi ya nusu mita ya ujazo ya zege iliyookolewa, na kina kidogo cha kuchimba kando ya bomba la zamani lenye viungo vilivyochoka.

Vipimo hivyo vyote viandikwe kwenye mchoro kutoka levo moja, tuseme sakafu ya jiko la zamani, na uweke mkato unaoonyesha bomba na msingi pamoja. Mkato huo ndio unaosomwa.

Anayelazimika kupita juu kabisa ya bomba ana masharti mengine: bila idhini ya mwenye bomba asifunike zaidi ya mita 6, na bomba linapopenya ukuta wa msingi liwe chini ya linta lenye nafasi ya sentimita 5 kulizunguka, ukuta ukitulia usilivunje.

Kamera ipitishwe kabla ya kuchimba, chemba hadi chemba, na video uhifadhi. Nyufa za zamani zikionekana hapo, zimeonekana kabla yako. Kamera na ada ya maombi vilikula pauni mia kadhaa. Karibu na bomba tulichimba kwa sepeto, si kwa mashine. Zege lilipokauka, kamera ikapita tena, na video ya pili ndiyo niliyoituma kwa kampuni ya maji pamoja na picha za mtaro zenye futi iliyosimamishwa ndani.