Elementi ya Rajabu

Kijiweni kwetu Ngamiani, Tanga, helmeti iliitwa "elementi", na kazi yake kubwa ilikuwa kuning'inia kwenye usukani ikimsubiri trafiki. Rajabu alikuwa nazo mbili: yake, na ya abiria ambayo akina mama waliikataa kwa jasho la waliotangulia.

Mimi nilikuwa fundi simu kibanda cha jirani. Tangu 2014 akili yangu ilikuwa kwenye kofia ya Wamarekani, Skully AR-1: kamera kisogoni, na mbele ya jicho kijioo kinachoonyesha yanayokuja nyuma. Watu waliichangia zaidi ya dola milioni 2 kupitia Indiegogo, mtandao wa kuchangishana. Moja iliuzwa karibu dola 1,500. Nilipompigia Rajabu hesabu kwa shilingi akauliza, "Na pikipiki inakuja nayo, fundi?"

Nikajiapiza yangu itauzwa laki mbili.

Kamera haikunisumbua. Nilichukua ile ya rivasi ya gari, skrini ndogo na betri ya simu, na jioni moja vyote vikawaka. Tabu ilikuwa jicho. "Fundi, naona uji," alisema Rajabu. Jicho halisomi kitu kilicho sentimita chache mbele yake. Wenzetu huweka lenzi ili picha ionekane kama iko mbali barabarani. Nilijaribu lenzi ya tochi, nikajaribu ya miwani ya bibi, mwisho nikaishusha skrini hadi kidevuni. Betri nayo haikuwa na pa kukaa, basi nikachonga kisogoni lile povu jeupe la ndani, linalofanana na la kufungia tivi mpya. Mimi ninayetoa betri zilizovimba kila siku, nikaipandisha moja kichwani mwa rafiki yangu!

Julai 2016 habari zikaja kwamba kampuni ile imefungwa, na wengi waliolipa hawakupata kofia. Niseme kweli, sikuhuzunika. Niliona uwanja umebaki wangu.

Tukampelekea mzee mmoja wa duka la spea atuuzie. Akaigeuza, akaingiza kidole kwenye lile shimo.

"Mwanangu, hii imeangushwa?"

"Hapana mzee, mpya kabisa."

"Nauliza, mmeiangusha?"

Usiku ule nikasoma. Kanuni ya Ulaya ya wakati huo, 22.05, ilitaka kofia ivishwe kichwa cha bandia na kugongeshwa chumani kwa mwendo wa mita 7.5 kwa sekunde, sawa na kuanguka kutoka kimo cha karibu mita 3. Zinazojaribiwa haziuzwi tena, na ukibadilisha umbo unaweza kutakiwa kujaribu upya. Kumbe kamera ndiyo sehemu rahisi. Mimi nilikuwa na kofia moja, tena ya mtu.

Tulinunua matikiti mawili ya kama kilo nne. La kwanza tulilivika kofia ya abiria, tukaliachia kutoka kibaraza cha ghorofani kwa jirani. Likatoka na ufa mwembamba. La pili tukalivika yetu. Mlio wake ulikuwa mwingine, mkavu. Tulipofungua mkanda, maji mekundu yalikuwa yakichuruzika, na kisogoni pana shimo la pembe nne, saizi ileile ya betri. Povu lililokuwa libonyee badala ya tikiti nilikuwa nimelifagia sakafuni kwangu siku nyingi.

Rajabu alilitazama shimo, akajipapasa kisogo. Watoto wa mtaani walikuwa wameshaanza kugombania vipande.

Akaokota kofia ya abiria, akaipangusa kwa shati. Nayo ilikuwa imekwisha kazi, maana povu likishabonyea mara moja halirudi, lakini hilo nililijua baadaye. Akaivaa, akafunga mkanda, mara ya kwanza kumwona akiufunga, akawasha pikipiki kwenda kutafuta hesabu ya bosi.