Tamthilia Iliyopelekwa Mahakamani

Uamuzi bora wa mwandishi wa Marekani Paula Vogel katika tamthilia yake Indecent, iliyofika Broadway, kitovu cha maigizo jijini New York, mwaka 2017, ulikuwa kutoiandika upya tamthilia ya Sholem Asch, God of Vengeance, bali kusimulia yaliyowapata walioiigiza. Asch aliandika kwa Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, mwaka 1906, kuhusu mwenye danguro anayeagiza gombo la Torati ili limkinge bintiye, ambaye hata hivyo anampenda mmoja wa wanawake wa danguro hilo. Mwaka 1923, jijini New York, waigizaji wa tamthilia hiyo ya Asch walitiwa hatiani kwa kukiuka maadili, ingawa baadaye hukumu hiyo ilibatilishwa katika rufaa. Onyesho la mvua, ambamo wasichana hao wawili wanakaribiana, Vogel analihifadhi hadi mwisho, na nadhani alifanya vyema. Sisi wa Nairobi, tunaokumbuka jinsi Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, ilivyopigwa marufuku mwaka 1977, tungeielewa Indecent bila maelezo mengi, iwapo kuna atakayethubutu kuileta jukwaani hapa.