Kwa Murumbi, Nairobi

Nilimweleza dereva wa teksi vizuri kabisa: Nairobi Gallery, jengo la kale lenye mkusanyo wa sanaa wa Joseph Murumbi, kona ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway, jirani na Nyayo House. "Kwa Murumbi? Napajua." Akanizungusha kwenye foleni mpaka Moi Avenue, akasimama mbele ya jengo la Nyaraka za Taifa, akadai mara mbili ya nauli tuliyopatana. "Jam ndiyo imetumaliza, boss." Tukabishana hadi askari kanjo, yaani askari wa jiji, akaanza kutusogelea. Nikalipa. Pesa ya Nairobi haikai mfukoni, na chumba nilicholala kwa bei kubwa hakikuwa hata na maji ya moto.

Basi nikaingia humo humo, maana ghorofa ya chini imejaa vitu vya Murumbi pia. Nyaraka zinatunza hata vitabu vyake, vikiwemo zaidi ya 8,000 vilivyochapwa kabla ya 1900. Joseph Murumbi, baba Mgoa, mama Mmaasai, alikuwa makamu wa rais wa Kenya, wa pili tangu uhuru, mwaka 1966, akajiuzulu mwaka huohuo. Mwaka 1972 yeye na Alan Donovan wakaanzisha African Heritage, duka na jumba la sanaa za Afrika jijini Nairobi. Baadaye akaiuzia serikali mkusanyo wake na nyumba yake ya Muthaiga, akitarajia iwe taasisi ya utafiti. Nyumba ikaachwa ikachakaa, kisha ikabomolewa. Nilisoma hayo nikakasirika kuliko nilivyomkasirikia dereva.

Nairobi Gallery nilikwenda kwa miguu. Jengo ni la 1913; enzi za mkoloni waliandikisha humo vizazi, ndoa na vifo, na tangu 2005 ni nyumba ya sanaa. Nilikwama mbele ya kitambaa cha Afrika Magharibi: vipande vyembamba vya upana wa kiganja, vimeshonwa ubavu kwa ubavu, na mahali fulani mistari imepishana kidogo. Pale unauona mkono wa fundi.

Dar tulikuwa na Nyumba ya Sanaa, alikofanyia kazi msanii George Lilanga. Haipo tena. Mchoraji Edward Saidi Tingatinga alifariki 1972, na leo mtoto wa shule akitaka kuona mchoro wa mkono wake mwenyewe, sijui mwalimu atampeleka wapi. Matajiri tunao, na wanajenga majumba makubwa. Wanunue kazi za mafundi wetu sasa hivi, waandike wosia unaoeleweka, na nyumba zenyewe wasiiachie serikali bila mkataba.